Nyimbo Zetu, Maelezo Yao

Kila kampuni ya Ulaya inapotoa upya nyimbo zetu za miaka ya 60 na 70, huku kwetu mitandaoni huanza kilio kilekile: wazungu wametuibia tena. Wadau wanapandisha picha ya jalada, wanaandika "inauma sana", wengine wanaitaja serikali, na kesho yake wamehamia kwenye mpira. Nimechoka na kilio hiki. Dhuluma ipo, tena nyingi, na nitaifikia. Kinachonichosha ni kwamba tunalilia kitu ambacho hakijapotea, halafu tunanyamaza kuhusu kile kilichopotea kweli.

Nyimbo zipo, jamani. Njoo mnadani hapa Endabash, Wilaya ya Karatu, ambako hakuna duka hata moja la muziki. Katikati ya wauza mitumba, mbaazi na mbuzi utamkuta kijana na kompyuta yake mpakato chini ya mwavuli, anaingiza nyimbo kwenye simu na flashi. Niliwahi kumuuliza kama ana zilipendwa.

"Zipo kaka, kama mia mbili hivi. Elfu mbili tu nakumwagia zote."

"Za nani?"

"Za zamani."

"Nimekuelewa. Za nani?"

Akaniangalia kama mtu anayeuliza jina la mbuzi. "Za zamani kaka. Zilipendwa."

Nilinunua. Mafaili yote yameandikwa "zilipendwa 1", "zilipendwa 2", mpaka mwisho. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Atomic ya Tanga, Kilwa Jazz, wote wamevalishwa sare moja kama wafungwa, na namba badala ya jina. Simlaumu yule kijana. Alizikuta hivyohivyo, na sisi wenye shahada zetu ndio tuliomwachia zikiwa hivyo. Washa redio yoyote usiku wa zilipendwa uhesabu ni wimbo wa ngapi mtangazaji atataja mtunzi. Atakuambia "enzi hizo muziki ulikuwa muziki kweli", atapiga kelele juu ya gitaa la solo, kisha tangazo la bando.

Mimi ni mkusanyaji. Sina gramafoni, nina deki ya DVD iliyounganishwa na sabufa, na rafu moja ya CD ambazo marafiki waliopo nje hunibebea wakija likizo. Humo yamo matoleo ya John Storm Roberts, yule Mwingereza aliyehamia Marekani na kuanzisha lebo ya Original Music: The Tanzania Sound na Dada Kidawa. Yamo matoleo kadhaa ya mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, chini ya uhariri wa Mjerumani Werner Graebner. Na yamo yale ninayoyapenda kuliko yote, Ave Africa ya Sunburst, bendi ya roki ya vijana wa Dar. Strut ya Uingereza iliyatoa mwaka 2016 yakiwa na rekodi zao zote za 1973 hadi 1976: albamu waliyorekodia Zambia, na nyimbo nyingine nje ya albamu. Watu wa rika langu niliowahi kuwasikilizisha Sunburst huuliza kama ni Wanigeria. Ukiwaambia ni Dar es Salaam, ya Mwalimu, ya foleni za sukari, hawaamini.

Toleo jipya la namna hii linaweza kukugharimu bei ya debe moja na ushee la maharage. Kwa fedha hiyo hununui nyimbo, maana nyimbo karibu zote unaweza kuzisikia bure ukiwa na bando. Unanunua kile kijitabu cha ndani. Picha ya bendi mbele ya ukumbi, majina chini ya picha kuanzia kushoto, nani solo, nani rizimu, nani besi, nani alitoka bendi gani kwenda bendi gani na kwa nini waligombana. Hiki ndicho kinachoitenganisha albamu na "zilipendwa 47". Na kijitabu hiki, katika rafu yangu nzima, kimeandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kifaransa na Kiingereza.

Mwenye mashaka kwamba maandishi yana nguvu hiyo aangalie Wamarekani walivyofanya na bluzi yao. Mwaka 1990 Columbia walitoa kasha la Robert Johnson, The Complete Recordings. Huyu bwana alirekodi katika safari mbili tu: San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Nyimbo 29. Mwaka 1938 akafa, ana miaka 27, fukara, na waliomjua walikuwa wachache. Kasha lile likauza zaidi ya nakala milioni moja, nusu karne baada ya kifo chake. Unadhani ni kwa sababu ya ubora wa sauti? Sauti yenyewe ni ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Watu walinunua habari: rekodi zote mahali pamoja, kwa mpangilio, maneno ya nyimbo, tarehe, na simulizi ya maisha iliyookotwa kipande kwa kipande.

Charley Patton ndiye mfano mzuri zaidi. Huyu alikufa 1934, na mashine za kumsafisha hazijazaliwa: santuri zake zilizobaki zimechakaa, zinakwaruza kama bisi zinazorukaruka kwenye sufuria. Mwaka 2001 lebo ya Revenant ilimtolea kasha la CD saba, limefungwa mithili ya albamu za santuri za kale, na limejaa makala. Mwaka 2003 likachukua Grammy tatu, na mojawapo alipewa David Evans, mtu ambaye hakupiga hata nyuzi moja humo ndani. Aliandika tu. Wenzetu wana tuzo ya maelezo ya albamu tangu miaka ya 60. Sisi tuna tuzo za video.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa kooni.

Nina jirani, mzee wa miaka sabini na kitu, Muiraqw, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake. Shule aliishia darasa la nne. Anasema Kiswahili chake alikipata kwenye redio ya kantini ya mashambani, kwa nyimbo: neno asilolielewa analiweka akilini mpaka Jumapili, halafu anamuuliza nyapara, aliyekuwa mtu wa Pwani. Ndiyo maana akizungumza hutoa maneno ambayo hapa kwetu hayana mwenyewe, na vijana humcheka kwamba anaongea kama sheha. Diwani hakuwahi kuiona. Dansi ndilo lililomfundisha tamathali.

Siku moja nilimpelekea toleo moja, sitalitaja, ambalo kijitabu chake kina muhtasari wa kila wimbo kwa Kiingereza. Baada ya shikamoo na chai akaniambia, "Haya mwanangu, nisomee walichoandika." Nikaanza kusoma, nikitafsiri papo kwa papo. Fikiria mandhari hiyo: wimbo uliotungwa kwa Kiswahili umefasiriwa Kiingereza na mtu wa mbali, nami naurudisha kwenye Kiswahili kwa ajili ya mtu anayeujua wimbo mzima kichwani. Wimbo wa tatu akanizuia.

"Hapana. Huyo halii kwa ajili ya mwanamke."

"Wameandika ni wimbo wa mapenzi, mzee."

"Waliandika. Huyo analilia kazi. Mwanamke ni tajiri yake, anamsema kwa mafumbo ili asifukuzwe. Kantini nzima tulijua."

Yawezekana mzee amekosea. Mafumbo ni mafumbo, na kantini nzima inaweza kukubaliana juu ya kitu ambacho mtunzi hakukiwaza. Lakini mjadala huo ungefanyikia wapi? Kwenye karatasi, tafsiri ya "wimbo wa mapenzi" ndiyo pekee iliyopo. Mtafiti wa mwaka 2060 ataikuta hiyo, ataitaja kama chanzo, na kantini ya Oldeani itakuwa haikuwahi kusikiliza kitu. Mzee hana wa kubishana naye, kwa sababu hajui kwamba kuna kitabu kinachomjibu.

Najua jibu litakalokuja: kosa ni la hao waliochukua nyimbo. Haya, tuzungumzie kuchukua.

Tanzania hatukuwahi kuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zilifyatuliwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Baadhi ya wanamuziki walikwishahamia Nairobi au walipita njia za panya, lakini kwa waliobaki Dar, redio ilikuwa ndiyo studio, ndiyo soko na ndiyo ghala. Sasa tazama toleo la tano la Zanzibara, Hot in Dar: limebeba muziki wa 1978 hadi 1983. Ni miaka ileile mpaka umefungwa, na Mlimani Park imezaliwa 1978 tu. Kipindi kile bendi zilikuwa zinachemka Dar kuliko wakati wowote, na ndicho kipindi ambacho njia ya kwenda kwenye santuri ilizibwa. Kanda za redio zingeungua, tungebaki na masimulizi ya walevi.

Wanamuziki wa enzi hizo wamesimulia mara nyingi, kwenye magazeti na redioni, kwamba walilipwa kidogo kwa kurekodi, na wimbo ukipigwa mara elfu hawakuona kitu. Hii dhuluma ilifanyika kwa Kiswahili, ndugu msomaji, kwa risiti za Kiswahili, miaka mingi kabla ya mzungu wa CD kufika. Aliyekuja baadaye akatoa upya anapaswa kulipa, na asiyelipa ashtakiwe. Sina huruma naye. Ila nani atamshtaki kwa niaba ya mpiga besi ambaye hata sisi hatujui jina lake? Hakimiliki inaanza na jina. Ukipeleka faili la "zilipendwa 47" COSOTA, watakuuliza swali lilelile nililomuuliza yule kijana mnadani: la nani?

Na saa inakimbia. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Salum Abdullah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali mwaka 1965. Kwa hesabu hiyo kinga ya tungo zake ilikwisha 2015, na sikumbuki kuona hata posti moja ya "inauma sana". Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa, Januari 1979. Piga hesabu: 2029. Kesho kutwa tu. Baada ya hapo yeyote, wa Paris au wa Kariakoo, anaweza kuchukua utunzi wa Mbaraka bila kumuuliza mtu, na atakayeandika maelezo mazuri ndiye atakayekuwa mwenye Mbaraka. Kama maelezo hayo yatakuwa ya Kijapani, basi Mbaraka atakuwa na wasifu mzuri wa Kijapani.

Wanaonikera zaidi katika shauri hili ni watu wa fasihi. Ndiyo, sisi tunaosoma hapa. Tunaweza kugombana wiki nzima juu ya vina na mizani, nani ni mwanamapokeo na nani ameuza ushairi, lakini mashairi yaliyosikilizwa na watu wengi kuliko yote katika lugha hii, yale ya dansi na taarabu, tunayaachia kamusi za watalii. Nilisoma chuo kikuu miaka mitatu, na kozi ya ushairi wa Kiswahili nilifaulu vizuri tu. Marijani Rajabu hakutajwa hata siku moja. Mwanamume aliyeitwa Jabali la Muziki, aliyeweza kuweka riwaya nzima ndani ya dakika saba, hakufaa kuwa hata mfano wa tashihisi. Ukiuliza unaambiwa ile ni burudani.

Lakini Shaaban Robert hakuona hivyo! Gwiji wetu mwenyewe, ambaye picha yake tunaipandisha kila siku ya Kiswahili, alikaa chini akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alikuwa mwimbaji. Mwanamke wa hali ya chini aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, akafariki 1950. Shaaban Robert hakumwachia mtu wa HMV aeleze maisha yake. Aliona mwimbaji anastahili wasifu kwa lugha aliyoimbia, kwa nathari iliyo bora kuliko zote za zama zake. Kwangu mimi hicho ndicho kijitabu cha kwanza cha kasha la Kiswahili. Kasha lenyewe hatujaliona bado, na mwandishi wa pili pia.

(Mtoto mwingine wa Zanzibar, aliyezaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946 na kufa akiitwa Freddie Mercury, ana makasha ambayo hata alivyokohoa studio vimewekwa na tarehe. Sina wivu naye. Au ninao kidogo.)

Nimewahi kulisema hili mbele ya wachapishaji wawili watatu, na jibu lao ni soko: nani atanunua? Mtanzania hanunui CD, hana hata pa kuichomeka. Sawa, ila mimi siombi CD, na wala siombi kasha lenye jalada la kitambaa. Naomba kurasa 16. Bendi moja, kurasa 16, Kiswahili: waliokuwemo, walikorekodia, mwaka, maneno ya nyimbo kumi yaliyosikilizwa na kuandikwa na mtu mwenye masikio, na pale pasiposikika paandikwe hapasikiki. Itume kwa WhatsApp bure. Ichapwe stesheneri Karatu, ibanwe pini mbili, iuzwe mia tano kando ya yule kijana wa flashi. Mpe na mafaili yenye majina sahihi. Hana ubaya, ataingiza anachopewa. Gharama ya kazi hii ni nauli ya kwenda kwa wazee waliobaki, na muda. Werner Graebner aliitoa nauli yake tangu Ujerumani. Sisi ya kutoka Mwenge kwenda Ilala inatushinda, ingawa ya kwenda kwenye uzinduzi wa vitabu vya wenzetu tunaipata.

Wala nisieleweke kwamba nawakejeli kina Graebner na Roberts. Bila wao rafu yangu ingekuwa na vumbi tu, na mengi ya majina niliyoyataja hapa niliyajua kwa mkono wao. Kosa si lao kuandika kwa lugha za wasomaji wao. Mtu wa Lyon akinunua Ujamaa, toleo la tatu la Zanzibara, anastahili kuelezwa kwa Kifaransa kwamba NUTA ilikuwa jumuiya ya wafanyakazi na kwa nini wafanyakazi walikuwa na bendi. Swali langu ni kwa nini mtoto wa darasa la saba Endabash, ambaye babu yake aliichezea bendi hiyo, hana pa kuelezwa jambo hilohilo. Akiuliza, ataambiwa za zamani.

Kwa hiyo nimeanza, kwa unyonge wangu. Tangu Januari nakaa na yule mzee kila Jumapili baada ya kanisa, deki, sabufa na daftari la kaunta. Tumeandika maneno ya nyimbo sita. Kazi ni ngumu kuliko nilivyodhani. Wimbo wa dakika saba unakula Jumapili mbili, maana anasimamisha kila mstari kunieleza nani alikuwa anacheza naye siku hiyo. Umeme ukikatika anaimba mwenyewe, nami naandika. Katika wimbo wa nne, ubeti wa pili, kuna neno moja limetushinda. Mimi nasikia neno la baharini, la kamba ya jahazi; yeye anashikilia ni la shambani, kwamba ndivyo walivyoita mpini wa jembe la palizi. Rekodi ni ya Western Jazz, na gitaa la rizimu linalifunika neno hilo kila linapokuja, mara tatu. Mwenye nakala safi zaidi, au mwenye mjomba aliyekuwa akiingia kwenye madansi yao, anitafute. Daftari nimeliacha wazi hapo.